Bahasha Isiyosafishwa

Kidole gumba cha Atuganile kilizama ukutani hadi kwenye kifundo.

Hakuwa amesukuma kwa nguvu. Alikuwa ameegemeza mkono tu, kama afanyavyo mtu anayevua viatu mlangoni, na ukuta wa nyumba ya mdogo wake ukakipokea kidole bila ufa wala mlio, kama ugali uliopoa. Alipokichomoa, tundu lilibaki wazi. Ndani yake aliona kitu laini cha rangi ya kahawia, chenye manyoya mafupi mno, mithili ya kitambaa cha mahameli.

"Shemeji," Lwitiko aliita kutoka kitini, "ukitaka dirisha hapo, sema nikutengenezee. Usitoboe kwa vidole."

Alicheka peke yake. Lwitiko alikuwa fundi mkuu wa matofali ya kuoteshwa katika mji wa Ndulilo. Karibu kila nyumba iliyosimama kwenye mteremko ule, kati ya mashamba ya chai na msitu, ilikuwa imepita mikononi mwake. Alijaza kalibu kwa magunzi yaliyosagwa na maranda, akapanda humo kuvu iitwayo Mjenzi, akaiacha gizani iyale hayo na kusuka nyuzi zake mpaka vyote vikashikamana kuwa kitu kimoja. Kisha akaiua kwa joto. Tofali lililotoka lilikuwa jepesi kama kikapu na gumu kama ubao. Tangu viwanda vya saruji vilipofungwa kwa sababu ya moshi wake, watoto wa Ndulilo walizaliwa na kukua bila kujua nyumba ya namna nyingine.

Ikupa alitoka jikoni, mtoto mgongoni, birika mkononi. "Umeona, dada? Na huo ndio ukuta wetu wenye afya. Kwa Mzee Ambakisye ukuta wa jikoni umemwangukia mkewe, mguu umevunjika. Siku hizi nikipita sokoni watu wananyamaza. Wanasema mume wangu aliyatoa matofali kwenye joto kabla ya wakati, awahi kazi nyingine."

"Waache waseme," Lwitiko alijibu. Lakini alikuwa akiikunjakunja kofia yake kama mtu anayekamua nguo. "Huu mlegezo wa kuta haukutokana na joto. Nimevunja matofali mazima na mabovu, nimeyapanga mezani, nimeyakagua moja moja. Kitu kinakula. Sijui ni nini, ila kinakula." Akamgeukia Atuganile. "Jumamosi baraza linakaa. Nitaomba Mjenzi mpya. Mama yake yuko kwako makumbusho, si ndiyo? Ule uyoga wa kwanza wa kwenye bahasha."

"Nusu yake ipo."

"Nusu inatosha. Mdogo wako alinipokea nikiwa na nusu ya akili, na mbona tumeishi."

"Nusu?" Ikupa alimimina chai bila kumtazama. "Nani alikudanganya kuwa ilifika nusu?"

Walicheka wote watatu, na kabla kicheko hakijaisha Atuganile akakata kipande cha ukuta kwa kisu cha mkate na kukitia katika karatasi. Rangi ile ya kahawia alikuwa amewahi kuiona. Hakukumbuka wapi, na alitamani asikumbuke.

*

Makumbusho ya Kuvu ya Ndulilo yalikuwa jengo pekee la mawe lililosalia mjini. Zamani lilikuwa kiwanda cha chai. Tanuri la kukaushia majani bado lilikuwa katikati ya ukumbi, limekufa, mlango wake wa chuma umefungwa kwa waya, na kabati za vielelezo zililizunguka pande zote. Atuganile, mhifadhi wa tano wa mkusanyiko ule na daktari wa elimu ya kuvu, alikuwa na mazoea ya kuligusa tanuri kila asubuhi alipopita, kama mtu anayemsalimu mzee aliyelala.

Mkusanyiko ulikuwa umeponea chupuchupu mara nyingi. Vielelezo vya kwanza viliandikwa jina la mtaalamu wa mimea kutoka ng'ambo, ingawa waliovileta ni wanawake wa vijiji vya mlimani waliokwenda msituni baada ya mvua za kwanza. Vita vilipokuja, bahasha zilishonewa ndani ya magodoro ya wagonjwa, na wagonjwa wakalalia uyoga mkavu mpaka majeshi yalipopita. Baadaye wadudu walimaliza kabati mbili nzima. Baadaye tena chuo cha utafiti kilifungwa na amri ikatoka kwamba takataka zile zitupwe. Mhadhiri kijana, Kasyupa, akazipakia katika masanduku ya chai, akazileta katika kiwanda hiki kilichokuwa kimehamwa na wenyewe, na kila masika akaliwasha tanuri kwa mikono yake ili hewa ikauke. Mpaka leo bahasha ikifunguliwa, kabla ya harufu ya kuvu hutoka harufu ya chai.

Ilikuwapo kanuni moja ambayo makumbusho mengine hayakuwa nayo. Wanawake wale wa mwanzo walipochuma uyoga hawakuufuta udongo wala kuondoa jani lililogandana nao, kwa kuwa nyumbani mama mkwe alitaka kuona umetoka chini ya mti gani kabla ya kuuruhusu uingie chunguni. Waliuleta vivyo hivyo kwa mtaalamu, na mtaalamu, baada ya kulalamika kidogo, akauhifadhi vivyo hivyo. Kamwe kielelezo cha Ndulilo hakikusafishwa. Kipande cha gome, mchwa, chawa wa uyoga, kuvu ndogo iliyoota juu ya kuvu kubwa: vyote viliingia katika bahasha moja. Wahifadhi walijivunia jambo hilo. Walisema kwingine wametunza uyoga, lakini hapa wametunza msitu.

Atuganile aliweka kipande cha ukuta chini ya hadubini, kisha akakipeleka kwenye Kiamshi.

Kiamshi kilikuwa chombo kisichozidi ukubwa wa cherehani. Ukikipa tishu kavu, hata ya miaka mia, kilisoma mabaki ya uzi wa urithi yaliyovunjikavunjika katika chembehai zake, kikalinganisha maelfu ya vipande mpaka maneno yaliyopotea katika kimoja yakapatikana katika kingine. Kisha kikauandika uzi mzima ndani ya chembehai hai iliyoondolewa urithi wake. Baada ya wiki chache, kilichokuwa kimekufa kilianza kuota. Ndivyo Mjenzi alivyorudi duniani, baada ya msitu wake kukatwa na yeye kusahauliwa. Waliokitengeneza Kiamshi waliandika onyo moja tu la maana: hakichagui. Huamsha kila kinachokuwamo.

Safari hii hakukitumia kuamsha. Alikitumia kusoma. Kikamwonyesha nyuzi mbili za urithi: wa Mjenzi, na wa kuvu nyingine asiyoijua.

Akafungua kabati. Bahasha ya Mjenzi ilikuwa nyepesi kama barua isiyo na karatasi. Ndani mlikuwa na nusu ya uyoga uliokauka, mgumu kama ngozi, pamoja na kipande cha gome la mti. Aliugeuza kwa koleo. Upande wa chini, penye kivuli cha mapindo, palikuwa na doa dogo la mahameli ya kahawia.

Alisoma uzi wake. Halafu akausoma tena, kwa kuwa mtu aliyefundishwa vizuri husoma tena hata anapojua.

Ilikuwa ndiyo hiyo hiyo. Kuvu hiyo ya mahameli ilikuwa ikimla Mjenzi msituni kabla binadamu hajampa jina. Iliingia naye katika bahasha, ikalala naye, ikaamshwa naye siku ile ile bila mtu kujua. Spora zake, chembe zake za kuzaliana, zilivumilia joto la fundi. Zilikaa katika kiini cha kila tofali, zikangoja miaka ya unyevu, kisha zikaanza kula polepole, kutoka ndani kuja nje. Lwitiko hakuwa amekosea chochote. Mlegezo ulikuwa umetoka katika kabati hii, kupitia mlango huu, kwa heshima zote za makumbusho.

*

Profesa Kasyupa aliishi katika vyumba viwili nyuma ya jengo. Atuganile alimkuta barazani akichambua maharage kwenye ungo.

"Shikamoo, Profesa."

"Marahaba, mwanangu. Hiyo ni sura ya mtu aliyekuta mende kabatini."

"Afadhali mende."

Alimweleza yote, kwa utaratibu, kama alivyofundishwa naye. Mzee aliendelea kuchambua mpaka aliposikia neno mahameli. Hapo vidole vyake vikasimama juu ya ungo.

"Niliiamsha mimi," alisema. "Walikuja wageni wengi siku ile. Nikawaonyesha lile gome, nikawaambia, tazameni, sisi hata taka hatutupi." Akaushika ungo kwa mikono miwili. "Nani mwingine anajua?"

"Hakuna."

"Basi isijulikane."

"Profesa, Jumamosi watataka niamshe nusu iliyobaki. Nikinyamaza nitawapandia mlegezo mpya."

"Waambie nusu iliyobaki imeliwa na wadudu. Nani atakuja kuhesabu? Kisha utafute dawa taratibu. Kila kiumbe kina kinachokila, na kama wale akina mama walikikuta kinachokula mahameli, kimo humu, kwa sababu hawakukisafisha. Humu, Atuganile, na si kwingineko. Ukiwaambia ukweli, kabla ya jua kuzama watakuwa wameleta kuni. Utawaponya na nini baada ya hapo? Majivu?"

Alijua kwamba hoja ile haikuwa ya mjinga. Hilo ndilo lililomuumiza.

"Na Lwitiko?"

"Fundi atajengewa jina upya. Jina la mtu huota tena. Kielelezo kikiungua hakioti."

"Na wanaolala ndani ya nyumba hizo? Wakidhani ni uzembe wa fundi, watakandika udongo penye tundu na kuendelea kulala. Wakijua kwamba kila tofali linaliwa kutoka ndani, watatoka."

Profesa aliweka ungo chini. "Siku tuliyoyahamisha masanduku, mvua ilitukuta njiani. Lori lilikuwa na turubai moja. Nilifunika masanduku. Vyombo vya nyumbani na godoro vililoa, na mke wangu mjamzito alikaa juu ya hilo godoro mpaka tunafika. Mtoto hatukumpata. Mke wangu alinipikia na kunifulia mpaka anakufa, lakini hakuwahi tena kuniuliza habari za kazi. Kwa hiyo usidhani sijui ninachokuambia uchague."

Atuganile aliutazama ungo. Maharage mabovu yalikuwa yametengwa pembeni, safi kabisa kutoka kwa mazima.

"Unaniambia niisafishe bahasha," alisema mwishowe, kwa sauti ya chini.

Mzee aliinama. Aliurudisha ungo mapajani, ila hakuchambua tena.

*

Baraza lilikaa katika ukumbi wa soko, chini ya kuta ambazo mtu hakuthubutu kuziegemea. Mwenyekiti, Bi Tupokigwe, mwanamke mfupi aliyezoea kunyamazisha watu kwa kuvua miwani, alimpa Lwitiko nafasi ya kwanza. Lwitiko alipofungua mdomo, mtu nyuma aliguna, mwingine akauliza kama fundi amekuja na kipimajoto leo. Watu wakacheka. Lwitiko alisimama akingoja wamalize, na masikio yake yalikuwa yamewiva.

Atuganile alikuwa amepanga kusema baadaye. Aliinuka wakati ule ule.

"Mwenyekiti, fundi hana kosa. Mlegezo umetoka makumbusho."

Akawaeleza. Hakutumia maneno ya chuoni. Aliwaambia juu ya uyoga na kilichoota chini yake, juu ya bahasha isiyosafishwa, juu ya Kiamshi kisichochagua. Aliwaambia kwamba kila tofali lililooteshwa Ndulilo lina ugonjwa ndani yake, hata lile ambalo bado ni gumu, na kwamba mvua kubwa zikianza kuta zitalegea kwa pamoja.

Ngurumo ya mbali ilisikika upande wa mlimani.

"Kwa hiyo mguu wa mke wangu," Mzee Ambakisye alisema polepole, "umevunjwa na uyoga wenu."

"Ndiyo, Mzee."

"Ambao mnautunza."

"Ndiyo."

"Basi uchomwe. Wote. Sitaki hata bahasha moja ibaki." Na vijana waliokuwa wamesimama mlangoni wakatoka bila kuagizwa, na kila mtu alijua wamefuata kuni.

Bi Tupokigwe alivua miwani. "Dawa ipo, Daktari?"

"Sijui. Kama ipo, inawezekana imo humo humo."

"Na mkiitafuta, mnaweza kuamsha kitu kibaya kuliko hiki?"

Aliliona swali likija tangu nyumbani, na nyumbani alikuwa ameliandalia majibu mengi mazuri. "Tunaweza," alisema.

Lwitiko alikuwa bado amesimama. "Ulijua lini?"

"Jumatano."

"Leo Jumamosi, Daktari." Hakumwita shemeji. "Jana nilikwenda kumpa pole mke wa Mzee Ambakisye, nikafungiwa mlango. Nikarudi nikijiuliza kama kweli nilikosea joto. Mimi, nikajishuku mwenyewe. Na wewe ulikuwa unajua."

Atuganile aliketi.

Ndipo Ikupa alipoinuka, akimbembeleza mtoto aliyeanza kulia. Hakumtazama dada yake. "Mimi sitetei uyoga," alisema. "Chomeni mkitaka. Lakini jengo lile ni la mawe, na ndilo pekee tulilo nalo, na mvua hiyo hapo mnaisikia. Kabla hamjaliwasha moto, nionyesheni mwanangu atalala wapi."

Hakuna aliyemwonyesha.

*

Mvua ilifika kabla ya wao kumaliza kupanda kilima cha makumbusho. Atuganile alifungua milango yote miwili, jambo ambalo halikuwahi kufanyika wakati wa masika, na watu wa Ndulilo wakaingia na magodoro vichwani, masufuria, kuku waliofungwa miguu, wagonjwa waliobebwa. Mke wa Mzee Ambakisye alilazwa kati ya kabati za uyoga wa miombo. Mtu alitandika kanga mbichi juu ya kabati ya Mjenzi. Atuganile alinyoosha mkono aiondoe, kisha akaurudisha.

Karibu na mlango kilikuwapo kipima unyevu. Kwa miaka yake yote pale, sindano ilikuwa haijavuka mstari wa kijani. Sasa ilikuwa ikipanda mbele ya macho yake, kwa pumzi za watu, kwa nguo zao, kwa vilio vya watoto. Alijua kitakachofuata kwa usahihi wa kazi yake: bahasha zitavuta maji, ukungu wa kawaida utaota juu ya tishu kavu, nyuzi za urithi zitaanza kuvunjika zaidi. Hapakuhitajika kuni. Dawa, kama ilikuwamo, ingeweza kupotea kwa kuhema kwa watu iliyokusudiwa kuwaponya, na yeye ndiye aliyefungua mlango.

Profesa Kasyupa alisimama kizingitini, maji yakimchuruzika kutoka kwenye koti. Alitazama magodoro, kuku, kanga.

"Unyevu umefika wapi?" aliuliza.

Atuganile alisogea, akasimama mbele ya kipimo ili mzee asikione. Mzee alimwelewa. Alivua koti, akatafuta mahali pa kukaa, na mahali palipokuwapo ni ukingoni mwa godoro la mke wa Mzee Ambakisye. Akaomba ruhusa, akakaa.

Nje, chini ya upenu, vijana walikuwa wamerundika kuni walizoleta, kavu bado, rundo la kutosha kazi yoyote. Mzee Ambakisye alisimama kando yake na kiberiti mkononi. Lwitiko akatoka, wakasemezana maneno ambayo mvua iliyafunika. Atuganile aliwatazama kupitia dirishani. Hakutoka. Alikuwa amekwisha kusema yote aliyokuwa nayo.

Lwitiko alirudi na mzigo wa kwanza begani. Alipita kati ya magodoro akiomba radhi kushoto na kulia, akapiga magoti mbele ya tanuri, akafungua ule waya wa zamani kwa koleo, akavuta mlango wa chuma. Jivu la miaka mingi lilimwagika miguuni pake, likinuka chai.

"Bomba la moshi liko wazi?" aliuliza bila kugeuka.

"Liko wazi," Profesa alijibu kutoka godoroni. "Anza na moto mdogo. Likishtuka, linapasuka."

Mzee Ambakisye ndiye aliyewasha kiberiti. Moto ulisita, ukashika, na baada ya muda chuma kikaanza kutoa ule mlio mdogo wa kujinyoosha. Watu wakasogeza watoto karibu. Joto likapita juu ya vichwa vyao, likafika kwenye kabati, na sindano, ambayo Atuganile alishindwa kujizuia kuigeukia, ikasimama. Haikushuka. Ilisimama tu.

Alimfuata Lwitiko pale alipochuchumaa, akampa kipande cha gogo. Lwitiko alikipokea kwa mikono miwili kama ilivyo adabu, lakini hakukitia motoni. Alikipima uzito, akalitazama rundo lililobaki nje ya mlango, kisha kabati zilizowazunguka.

"Kuni hizi, Daktari," alisema, "hazijaamua bado kukausha au kuchoma."

"Najua."

"Zamu ya kwanza ni yako. Moto ukizima, usimwamshe mtu kumweleza sababu."

Akamrudishia gogo, akaenda kulala kwa mkewe.